Je, Dodoma ina mji wa zamani wa kutembelea? Jibu kwa msomaji anayekuja na baba yake

SWALI: "Naishi Dar es Salaam. Mwezi wa nane nataka kumleta baba yangu, ana miaka 71, pamoja na wanangu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine 13, tuje Dodoma kwa treni ya SGR. Tutafika Jumamosi asubuhi na kuondoka Jumapili jioni. Kila ninayemwambia ananishangaa: Dodoma kuna nini zaidi ya ofisi na vumbi? Wengine wananishauri niachane na mji niwapeleke Kondoa wakaone michoro ya mapangoni. Mimi nilitaka watoto waone kitovu cha zamani cha makao makuu ya nchi yao, kama kipo. Baba ana presha na goti linamsumbua, na nimesikia Dodoma iko juu sana, hewa nyepesi. Tuanzie wapi? Na ule mlima wa mawe tunaweza kuupanda? Nisingependa kumchosha mzee bure."

JIBU: Kitovu cha zamani kipo, ndugu yangu, na mtakimaliza kwa miguu asubuhi moja bila kumchosha mzee, mradi muanze mapema na mpumzike jua likipanda. Nimelijibu hilo kwanza ili usije ukaahirisha safari kwa maneno ya watu. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika mji huu, na wanaoniambia Dodoma haina kitu huwa ni wale walioshukia stendi ya Nanenane, wakaenda kwenye semina, wakalala, wakaondoka. Stesheni ya zamani hawakufika. Sokoni Majengo hawakufika. Wameuona mji kupitia dirisha la gari, tena upande wake mpya.

Hata hivyo kuna jambo nataka nilinyooshe mapema, kwa sababu ndilo linalowavunja watu moyo. Ukija hapa ukitarajia vichochoro na milango ya nakshi kama ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, au magofu kama ya Kaole pale Bagamoyo, utaondoka umenuna. Dodoma si mji wa pwani wala si mji wa karne nyingi. Ni mji uliozaliwa na reli, na umri wake ni karne moja na ushei. Uzuri wake hauko kwenye jengo moja la kupigia picha. Uko kwenye tabaka zake, ambazo zimekaa karibu karibu kiasi kwamba mtoto wa miaka 9 anaweza kuzivuka kwa miguu akielezwa nini kilitangulia na nini kilifuata. Asipoelezwa, ataona maduka tu. Kwa hiyo ngoja nikupe maelezo ambayo ningewapa nikiwa nao.

Kabla ya reli hapakuwa na mji hapa, lakini njia ilikuwapo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi ya Wagogo, ikitokea kwenye nyika kavu ya Marenga Mkali upande wa Mpwapwa. Watu na wapagazi walifika wamekauka koo. Mwenye kisima ndiye aliyekuwa na neno, na watemi wa Wagogo waliutumia uwezo huo: kila msafara ulitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo, shanga au waya, kabla ya kuruhusiwa kuteka maji na kununua chakula. Wazungu waliopita njia hii katika karne ya 19 walilalamika sana kuhusu hongo kwenye maandishi yao. Ukilitazama kwa jicho la Mgogo, ilikuwa halali yake: maji ya Ugogo ni machache, na msafara wa mamia ya watu unaweza kuyamaliza. Waambie watoto hivyo, waelewe kwamba nchi hii ilikuwa na wenyewe na utaratibu wake kabla ya mtu yeyote kuleta ramani.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, na Dodoma ikaanzishwa mwaka 1907 ujenzi ukiendelea. Reli ikaendelea kuelekea magharibi, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mahali hapa palikuwa pazuri kwa sababu nyingine pia: njia ya kaskazini na kusini, inayotoka Iringa kwenda Kondoa na Arusha, inakatana hapa na reli inayotoka mashariki kwenda magharibi. Nchini mwetu njia zikikutana, mji unaota wenyewe. Anakuja fundi wa reli, anakuja mwenye duka wa Kihindi, anakuja mfugaji na ng'ombe wake wa kuuza, anakuja mmisionari. Hao wanne wote wameacha alama katika kitovu cha Dodoma, na alama hizo ndizo mtakazozifuata.

Anzeni stesheni ya zamani, na hapa nikutahadharishe: treni yenu ya SGR haisimami hapo. SGR ina stesheni yake mpya, mbali na ile ya Wajerumani. Mkishuka, chukueni bajaji mwambie dereva "stesheni ya zamani" au "reli ya zamani", atakuelewa. Mkifika, waoneshe watoto reli yenyewe. Upana kati ya chuma na chuma kwenye reli ya zamani ni milimita 1,000, na kwenye SGR waliyokuja nayo ni milimita 1,435. Hapo ndipo mtoto wa miaka 13 anapoanza kuuliza maswali. Njia nyembamba ni rahisi kuijenga, inakubali kona kali na madaraja madogo, lakini hairuhusu mwendo mkubwa wala mzigo mzito. Ndiyo maana babu yao enzi zake akisafiri kutoka Dar alilala njiani, na wao wamefika kwa saa tatu na nusu hivi. Muulizeni mzee kama aliwahi kupanda treni ya zamani. Nikiwa na wazee, hapa huwa natulia nikasikiliza, maana wana ya kusimulia kuliko mimi.

Jirani na stesheni ipo hoteli iliyokuwa hoteli ya reli, leo inaitwa New Dodoma Hotel. Miji mingi ya reli ya kati ilijengwa kwa mpango huo, stesheni na mahali pa kulala msafiri vikitazamana. Mzee anaweza kukaa hapo akanywa chai, goti likapumzika, ninyi mkaendelea kuzunguka.

Mkiwa hapo stesheni, kuna simulizi moja ambayo vibao havitawaambia. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa katika nchi hii, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe wa Wagogo na kuwakamata vijana kwenda kubeba mizigo. Mvua zilipokataa, njaa ikaingia nyumba zilizokwisha kukombwa. Njaa hiyo Wagogo wanaiita Mtunya, na iliendelea mpaka mwanzoni mwa utawala wa Waingereza. Iliua watu wengi mno. Mimi naona si haki kumtembeza mtoto Dodoma ukamwonesha reli kama maendeleo matupu. Reli ilileta soko na shule. Ilileta pia askari na wakusanyaji wa chakula.

Kutoka stesheni ingieni Uhindini na mitaa ya maduka inayoelekea Jamatini. Hapa mtembee polepole mkitazama juu, si kwenye bidhaa. Maduka ya zamani yalijengwa na baraza mbele, paa likatoka nje kufunika mpita njia, na familia ikaishi nyuma au ghorofani. Baraza hiyo haikuwa pambo. Jua la Dodoma ni kali na hewa yake ni kavu, kwa hiyo tofauti ya joto kati ya kivuli na juani ni kubwa kuliko Dar. Ukiingia chini ya baraza unapoa mara moja. Inaniuma kuona majengo hayo yakizidi kupungua, yakipisha ghorofa za vioo ambazo bila kiyoyozi hazikaliki. Yaliyobaki yatazameni vizuri.

Kisha nyumba za ibada, ambazo hapa zimesongamana kuliko mahali pengi nchini. Kanisa Kuu la Anglikana lina kuba, na wageni wengi hulidhania msikiti mpaka waone msalaba. Karibu yake lipo Kanisa Kuu la Kilutheri. Waanglikana wana historia ndefu huku, kwani wamisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Ipo jamatkhana ya Waismailia. Wakatoliki wana Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, na jina hilo lina sababu: mapadre wa Kiitaliano walioijenga misheni ya huku ni Wapasionisti, shirika ambalo mwanzilishi wake ni huyo huyo Paulo wa Msalaba. Halafu msikiti ambao kila mtu anauita wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa Libya, wenye nafasi ya waumini wapatao 3,000. Huo si wa zamani, lakini minara yake mtaiona kutoka mbali. Kwenye nyumba zote hizi utaratibu ni mmoja: msiingie ibada ikiendelea, salimieni mlinzi au mzee mtakayemkuta, ombeni, vaeni kwa heshima. Nikiomba hivyo huwa nakaribishwa, tena mara nyingi tunapata na wa kutueleza.

Mwisho wa asubuhi fikeni Nyerere Square, penye sanamu ya Mwalimu, na hapo waelezeni watoto ilikuwaje mji wa reli ukawa makao makuu. Mwaka 1973 TANU, chama tawala wakati huo, iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Hoja zilikuwa mbili kubwa. Dar es Salaam iko ukingoni mwa nchi, na Dodoma iko katikati, mwananchi wa Kigoma na wa Mtwara wote wakaribie. Pia makao makuu yakae kati ya wakulima na wafugaji, si bandarini. Mpango wa mji ulioandaliwa mwaka 1976 na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, ulifikiria mji wa majengo ya kadiri, watu watembee kwa miguu na kupanda mabasi. Fedha zikawa haba, miaka ikapita. Bunge likahamia mwaka 1996. Serikali yenyewe ikaanza kuhama kwa kasi baada ya tamko la Rais Magufuli mwaka 2016, Dodoma ikawa jiji 2018, na Ikulu mpya ya Chamwino ikafunguliwa Mei 2023. Hebu hesabu: kutoka uamuzi hadi Ikulu mpya ni miaka hamsini. Mzee alikuwa kijana wakati tangazo lile linatolewa, na pengine anakumbuka watu walisema nini mtaani. Mwachie yeye asimulie.

Chakula cha mchana kuleni Majengo, sokoni au kando yake. Tafuteni ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, ndicho chakula cha wenyeji, na hakuna njia fupi zaidi ya kumfundisha mtoto kwamba Ugogo ni nchi ya nafaka zinazovumilia ukame. Zabibu zinavunwa hapa mara mbili kwa mwaka, na msimu wa pili huangukia Agosti na Septemba, kwa hiyo mtazikuta barabarani kwa wingi. Mmisionari ndiye aliyeleta mizabibu Bihawana, akihitaji divai ya altare, na leo ni zao la mkoa. Osheni zabibu kwa maji safi kabla ya kula.

Sasa presha na urefu wa mji. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Arusha iko juu zaidi, na Nairobi iko mita 1,700 hivi. Kwenye urefu wa Dodoma mgandamizo wa hewa umepungua kwa kama asilimia 12 ukilinganisha na Dar. Ugonjwa wa mwinuko, ule unaowasumbua wapanda Kilimanjaro, kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500. Kwa hiyo hewa nyepesi si tishio lenu.

Kinachowaangusha wageni wa pwani hapa ni ukavu. Dar ukitembea, jasho linakulowesha, unajua kabisa kwamba unapoteza maji. Dodoma mwezi wa nane hewa ni kavu na upepo unavuma, jasho linakauka kabla hujalihisi, ngozi inabaki kavu, na mtu anadhani hajatoka jasho. Kiu nayo kwa wazee huchelewa kuja. Inafika saa sita, mzee anasema kichwa kinazunguka, familia inasema ni mwinuko. Si mwinuko, ni maji. Tena baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe zaidi, na hapo upungufu unakuja haraka. Mpeni maji kidogo kidogo tangu kwenye treni, avae kofia, na kati ya saa sita na saa tisa awe kivulini. Usiku kinyume chake: baridi ya Agosti hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na watu wa Dar huja na shati moja. Beba sweta za wote, na kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya vumbi.

Lakini mimi ni mtembezaji, si daktari. Kabla ya safari mpeleke mzee kwa anayemtibu, amweleze anasafiri wapi na atatembea kiasi gani, aulize kuhusu dawa zake na kiasi cha maji anachoruhusiwa, kwa sababu wapo wagonjwa wa moyo au figo ambao maji mengi si salama kwao. Dawa azibebe kwenye mkoba wa mkononi na asiruke dozi kwa sababu ya safari. Akipatwa na maumivu ya kifua, kichwa kikali cha ghafla, mdomo kupinda, au mkono na mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, msisubiri apumzike kwanza: mpelekeni hospitali papo hapo. Katikati ya mji ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji wanaiita General, na upande wa chuo kikuu ipo Benjamin Mkapa.

Kuhusu mlima wa mawe: umeuona kwenye picha, nadhani unauliza ule wanaouita Simba, ambao ukiutazama kutoka upande fulani unafanana na simba aliyelala. Kwa goti la mzee, hapana. Kupanda kunachukua kama saa moja, njia ina mawe yaliyolegea na sehemu za kutambaa, na kushuka ndiko kunakoumiza goti zaidi ya kupanda. Watoto wanaweza, wakiwa na mtu mzima na mwenyeji anayeijua njia, asubuhi na mapema, kwa kundi. Msiende wawili wawili wala jioni, maana watu wamewahi kuporwa huko. Na muulizeni mwenyeji ni wapi panaruhusiwa, kwa sababu eneo la Mlimwa lina makazi ya viongozi.

Kwa mzee kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Jioni ya Jumamosi chukueni gari mpande upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo hicho kilichoanzishwa mwaka 2007 kimejengwa juu ya vilima vya Chimwaga, na kutoka barabara zake mtauona mji wote umelala bondeni, vilima vya mawe vikichomoza hapa na pale. Mkikuta lango, salimieni walinzi mweleze shida yenu. Hapo mtoto atauliza: mawe haya makubwa yametoka wapi, nani aliyapanga? Jibu lake ni zuri kuliko hadithi ya majitu. Huu ni mwamba wa graniti, sehemu ya moyo wa zamani kabisa wa Afrika, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba huo haukuwa juu ya ardhi. Ulikuwa chini, umejaa nyufa zilizokatana kama mikato ya andazi. Maji ya mvua yakapenya nyufa hizo kwa muda mrefu usiopimika, yakaulainisha mwamba pembeni mwa nyufa ukawa kama changarawe, huku kiini cha kila kipande kikibaki kigumu. Baadaye mmomonyoko ukaisomba ile changarawe, na viini vikabaki vimekaa juu ya vingine, vimeviringika kwa sababu pembe ndizo zilizooza kwanza. Mkono wa mtu haukugusa, wala hayakuviringika kutoka popote. Yako pale pale yalipozaliwa. Ardhi ndiyo iliyoondoka.

Kama watoto wataupenda mwamba, basi nakushauri jambo moja zito: sogeza safari siku moja, mfike Ijumaa. Dodoma ni makao ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, kazi ambayo hapa ilianza mwaka 1925 enzi za Waingereza, na ina makumbusho ya miamba na madini ya nchi hii. Ipo ndani ya ofisi ya serikali, kwa hiyo ni mambo ya siku za kazi. Mkija Jumamosi mtaikosa, na kwa mtoto wa miaka 13 nadhani hiyo ndiyo hazina kubwa kuliko zote mjini.

Kondoa nisikufiche: hao wanaokushauri uende hawakudanganyi, ila wanakupa ushauri wa safari nyingine. Michoro ya Kolo, huko huko Kondoa, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, lenye majabali 150 hivi yaliyochorwa. Kuna watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu na wawindaji wa zamani, na michoro myeupe ya baadaye. Wazee wa Kondoa bado wanafanya matambiko kwenye baadhi ya mapango hayo. Lakini Kolo iko kilomita 180 hivi kutoka Dodoma. Lami ipo, hesabu saa mbili na nusu hadi tatu kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Hapo Kolo mnapita ofisi ya Mambo ya Kale, mnalipa, mnapewa mtu wa kuwaongoza, mnaendelea kwa njia ya vumbi inayotaka gari lililoinuka, kisha mnapanda mlima kwa miguu. Kwa siku mbili mlizonazo mtakuwa mmeupoteza mji bila kuifaidi michoro, na goti la mzee litaishia garini likisubiri. Ukiwa na siku nne, lala Kondoa usiku mmoja na uende. Ningekusindikiza kwa moyo wote. Ukiwa na mbili, acha.

Jumapili asubuhi wale wanaosali wasali, kisha mchague kimoja tu: watoto wapande Simba wakati mzee amepumzika, au wote mwende Chamwino. Chamwino kuna Kituo cha Sanaa kinacholea ngoma na nyimbo za Wagogo, zeze na marimba na uimbaji wa sauti nyingi ambao mtu akiusikia mara ya kwanza hushindwa kuhesabu waimbaji. Ni kituo, si ukumbi unaofunguliwa kila saa, hivyo wasiliana nao kabla. Mtumba, penye mji wa serikali, mtaupita njiani. Tazameni mkiwa garini, inatosha.

Bungeni wageni huingia kusikiliza mijadala wakati wa vikao, na kikao kirefu cha bajeti ni kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Mwezi wa nane angalia kwanza kama kuna kikao. Msipige picha majengo ya Bunge, Ikulu, kambi wala polisi. Kabla ya kumpiga picha mtu sokoni, muombe.

Mwisho, chagua tarehe kwa makini. Kati ya tarehe 1 na 8 Agosti kuna maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, na vyumba vya kulala vinajaa mji mzima, bei nazo zinapanda. Ukija baada ya tarehe 10 utapata chumba karibu na kitovu, mahali ambapo mzee anaweza kurudi kulala mchana bila kupanda gari. Tiketi za treni kata za kwenda na kurudi kwa pamoja, maana za Jumapili jioni kuelekea Dar huisha mapema, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake. Ukihitaji mtu wa kuwatembeza, tafuta mwenye leseni, au uulize ofisi ya utamaduni ya Jiji wakuelekeze. Mweleze tangu mwanzo kuhusu goti na presha, naye atakupangia mwendo wa mzee, watoto waufuate huo.